Hesabu ya Pauni 80,000

Msomaji, kama umepata kusafiri kutoka Nanyuki kuelekea kaskazini, wajua jinsi nchi ibadilikavyo. Nyuma yako huyaacha mashamba ya ngano na baridi ya Mlima Kenya. Barabara huteremka, joto huzidi, miti ya miiba huenea pande zote, na baada ya muda mji wa Isiolo huonekana. Kwa miaka mingi baada ya uhuru lami ilikoma hapo. Aliyetaka kwenda Marsabit au Moyale alipanda juu ya lori, akajifunga kitambaa usoni kwa ajili ya vumbi, akamwomba Mungu amfikishe salama. Na aliyeshika njia ya kusini alisikika akisema kwamba aenda Kenya, kana kwamba pale alipokuwa amesimama palikuwa nchi nyingine.

Neno hilo la wasafiri lilikuwa mzaha, lakini mzaha wenye uchungu ndani yake. Uchungu huo una machimbuko mengi, na mengine ni ya zamani kuliko uhuru wenyewe. Katika insha hii nataka tulichunguze moja tu, kwa sababu limeandikwa na laweza kusomwa. Nalo ni fungu la maneno machache katika Waraka wa Serikali Nambari 10 wa mwaka 1965, ulioletwa Bungeni Nairobi kwa jina la Ujamaa wa Kiafrika na Utumizi Wake katika Mipango ya Kenya. Waraka ule ulikuwa wa Serikali nzima, na kalamu zaidi ya moja zilishiriki kuuandika. Lakini aliyeubeba na kuutetea kuliko wote alikuwa Tom Mboya, mbunge wa Nairobi na Waziri wa Mipango na Maendeleo ya Uchumi. Kwa hiyo ni haki tuuhesabu kuwa sehemu kubwa ya mchango wake katika majadiliano ya taifa, na tumhakiki kwa huo.

Mhakiki mwadilifu huanza kwa kumjua anayemhakiki. Mboya alizaliwa mwaka 1930 karibu na Thika. Alikuwa mkaguzi wa afya katika jiji la Nairobi, kisha akawa kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, na mwaka 1957 akawa mmoja wa Waafrika 8 wa kwanza kuchaguliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Mwaka 1959 alisaidia kuanzisha safari za ndege zilizowapeleka vijana wengi kusoma Marekani. Tarehe 5 Julai 1969 aliuawa kwa risasi barabarani Nairobi, naye hajatimiza miaka 39. Alisifika kwa kusema kwa utulivu na kwa mpango. Hakutegemea sauti kubwa. Alipanga hoja zake moja juu ya nyingine kama mwashi apangavyo matofali.

Sifa hiyo yaonekana katika Waraka wenyewe. Wakati ule neno ujamaa lilikuwa midomoni mwa kila mtu, na kila mtu alikuwa na maana yake. Wengine walitazama Moscow, wengine walitazama Washington, na wengine walilitumia neno kama pambo la hotuba. Waraka ulisema waziwazi kwamba Kenya haitaazima ujamaa wake kwa mtu. Utajengwa juu ya mila mbili za Kiafrika: watu wote kuwa sawa katika siasa, na kila mmoja kuwa na wajibu kwa mwenzake. Kisha ukaeleza namna ya kukuza mali ya nchi, kodi, vyama vya ushirika, na ardhi. Si kila mtu aliridhika. Mwezi wa Julai mwaka ule ule mchumi mmoja wa Kenya, Barack Obama, baba wa yule aliyekuja kuwa Rais wa Marekani mwaka 2009, aliuhakiki Waraka kwa maneno makali katika jarida la East Africa Journal. Lakini hata yeye aliweza kuuhakiki kwa sababu ulisema jambo la kushikika. Maneno ya ukungu hayapingiki, kwa maana hayana mahali pa kushikwa.

Sasa natufike kwenye fungu lenyewe. Waraka wauliza: nchi maskini ikiwa na fedha kidogo, iziweke wapi? Wajibu kwamba ziwekwe pale zitakapozaa zaidi, na wapataja mahali hapo: penye mali nyingi za asili, ardhi njema na mvua, penye njia za usafiri na nguvu za umeme, na penye watu walio tayari kuyapokea maendeleo na kuyafanyia kazi. Kisha, kama mwalimu mwema, watoa mfano wa hesabu. Chukua pauni 1,000,000. Ukiziweka mahali pamoja, huenda zikaongeza pato la pauni 20,000 kwa mwaka. Ukiziweka mahali pengine, huenda zikaongeza pauni 100,000. Basi, wasema Waraka, busara ni kuchagua mahali pa pili, kwa sababu nchi itapata pauni 80,000 zaidi kila mwaka, na kwa hizo itakuwa na uwezo wa kupasaidia mahali pale pa kwanza kwa ruzuku au mikopo nafuu.

Msomaji, hesabu hiyo haina kosa. Toa 20,000 katika 100,000, zabaki 80,000. Ndiyo maana fungu hilo lina nguvu: msikilizaji hukubali hesabu, na akiisha kukubali hesabu hudhani amekubali kila kitu kilichofungwa pamoja nayo. Kazi ya mhakiki ni kuvifungua vitu hivyo kimoja kimoja. Mimi nimeona vinne.

Cha kwanza ni neno kuweza. Waraka wasema kwamba nchi itakuwa na uwezo wa kusaidia. Hausemi kwamba itasaidia, wala kwamba itapaswa kusaidia. Kuweza ni habari ya mfuko. Kupaswa ni habari ya sheria. Tajiri aweza kumlisha jirani yake mwenye njaa, na mwaka upite asimlishe, wala asiwe amevunja ahadi yoyote, kwa sababu hakuahidi. Katika fungu lile hakukutajwa mwaka ambao msaada ungeanza, wala kiasi chake, wala mtu wa kuudai. Wahenga walisema ahadi ni deni. Lakini deni lisilo na kiasi, lisilo na siku na lisilo na shahidi, mdai hulidai kwa nani?

Cha pili ni kule kutaja njia za usafiri na umeme kuwa sababu ya kustahili fedha. Mvua na udongo ni kazi ya Mungu, lakini barabara na umeme ni kazi ya serikali. Reli na barabara za wakati wa ukoloni zilifuata mashamba ya walowezi. Kaskazini ilifungwa. Sheria ya mwaka 1902 juu ya wilaya za mbali na ile ya mwaka 1934 juu ya wilaya za pekee zilimzuia mgeni asiingie bila kibali, na zikambana mwenyeji katika mwendo wake. Nchi iliyofungwa kwa miaka 60 ingepata wapi barabara? Basi Waraka ulipofanya barabara kuwa kipimo, ulimnyima barabara asiye na barabara kwa kosa la kutokuwa na barabara. Mboya alikuwa adui wa ukoloni maisha yake yote. Lakini katika fungu hili mkoloni aliachiwa kuchora ramani, na taifa huru likaipaka rangi.

Cha tatu ni maana ya mali. Ardhi njema na mvua ni kipimo cha mkulima. Mfugaji hupima kwa malisho, maji, chumvi, na upana wa nchi ya kuhamia. Mboya na wenzake waliijua mifugo; ng'ombe wa kaskazini waliletwa Isiolo, wakawekwa katika viwanja vya karantini wachunguzwe magonjwa, kabla ya kuruhusiwa kwenda kusini kuliwa. Lakini katika kipimo cha fungu lile malisho hayakupata jina lake. Na laiti wangaliketi na mzee wa Kiborana kando ya mto Ewaso Nyiro, wangalipata somo la uchumi pia. Mfugaji huyo hugawa mifugo yake. Ng'ombe wenye maziwa hubaki karibu na nyumba, na wengine hupelekwa mbali na vijana, nao huitwa fora. Hafanyi hivyo kwa kutojua mahali penye majani mengi. Anajua sana, ila ajua pia kwamba mwaka wa ukame hauji na barua, na aliyekusanya kundi lote mahali pamoja penye rutuba huweza kulipoteza lote kwa siku chache. Hekima ya Waraka ilikuwa ya mwaka mwema. Hekima ya mfugaji ni ya mwaka mwema na mwaka mbaya pamoja.

Cha nne ndicho kizito kuliko vyote: watu walio tayari kuyapokea maendeleo. Ni nani aliyepima utayari huo, na kwa mizani gani? Fikiri hali ya Isiolo wakati ule. Mwishoni mwa mwaka 1963 hali ya hatari ilitangazwa katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki, na vita vilivyoitwa vya Shifta vikaenea hadi Isiolo, vikaendelea mpaka mwaka 1967. Mwaka 1966, mwaka mmoja tu baada ya Waraka kupita, wafugaji wa Isiolo walikusanywa kwa amri katika kambi zenye ulinzi, kama Garba Tulla, Merti na Modogashe. Mifugo ambayo uhai wake ni kutembea ilizuiwa kutembea. Mingi ilikufa, mingine ikachukuliwa, na watu waliokuwa na makundi wakatoka humo mikono mitupu. Wazee wa Kiborana huziita siku hizo Gaf Daaba, yaani wakati wa kusimamishwa. Sisemi kwamba Mboya aliziamuru kambi hizo kwa Waraka wake, la hasha. Nasema kwamba mkono mmoja wa Serikali uliwasimamisha watu, na mkono wa pili ulishika karatasi iliyosema kwamba fedha zitawafuata wale waendao mbele.

Huenda mtetezi wa Mboya akatujibu, nasi yatupasa kumsikiliza. Atasema kwamba Kenya ya mwaka 1965 ilikuwa maskini, na kwamba fedha kidogo zikigawanywa kila mahali haziwi kitu popote. Jambo hilo ni kweli. Atasema pia kwamba Waraka haukuishia pale: uliongeza kwamba shabaha ya maendeleo ni watu, si eneo, na kwamba wakazi wa sehemu zenye mali kidogo wasaidiwe kwa elimu na afya, na baadhi yao watiwe moyo kuhamia penye mali zaidi. Hilo pia ni kweli, na ni neno jema. Mtoto wa Isiolo aliyesoma hafungwi na ukame.

Lakini tumrudishie mtetezi swali. Elimu hufika kwa njia gani mahali pasipo na njia? Mwalimu husafiri, kitabu husafiri, dawa husafiri, na vyote hivyo vyataka ile barabara iliyokwisha kuahirishwa katika fungu la kwanza. Na mtu aambiwapo ahamie penye rutuba, je, aliyeko huko amekubali kumpokea na ng'ombe wake? Kwa hiyo msaada ule wa pili ulisimama juu ya mguu ambao hesabu ya kwanza ilikuwa imekwisha kuukata. Hata hivyo tusimtende Mboya kama mtu aliyewachukia watu wa kaskazini. Alikosea kama wakoseavyo watu wenye akili: aliitazama nchi yote kutoka juu, akaona jumla, asione sehemu.

Kwa nini basi Bunge halikumrekebisha? Wahenga husema asiyekuwapo na lake halipo. Majadiliano ya Bunge huandikwa neno kwa neno katika kitabu kiitwacho Hansard, lakini Hansard huandika yaliyosemwa tu. Ukimya hauna ukurasa. Katika mwaka ule kaskazini ilizungumzwa Nairobi zaidi kama habari ya usalama kuliko kama habari ya uchumi. Fauka ya hayo, lugha ya Bunge ilikuwa Kiingereza. Mfugaji wa Merti, hata angalisikiliza redio usiku kucha, asingalijua kwamba katika nyumba ile kuna hesabu inayomhusu. Haikuwa mpaka mwezi wa Julai 1974, kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta, ambapo Kiswahili kilianza kusikika katika majadiliano ya Bunge.

Waraka hauishi milele, lakini athari yake huweza kuishi kuliko karatasi. Ilichukua zaidi ya miaka 40 kabla taifa kuanza kulijibu fungu lile. Mwaka 2008 iliundwa wizara ya maendeleo ya Kaskazini mwa Kenya na sehemu nyingine kame. Mwaka 2010 wananchi waliipitisha Katiba mpya, na ndani yake, katika kifungu cha 204, kuna Hazina ya Usawazishaji. Lisome fungu hilo sambamba na lile la mwaka 1965, msomaji, uone tofauti ya kalamu mbili. Katiba yataja kiasi: nusu ya asilimia 1 ya mapato yote ya taifa kila mwaka. Yataja kazi yake: maji, barabara, hospitali na umeme katika sehemu zilizoachwa nyuma. Yataja muda: miaka 20, ambao waweza kuongezwa. Isiolo iliwekwa katika kaunti 14 za kwanza zilizotambuliwa kustahili fedha hizo. Kilichokuwa kuweza kikawa kupaswa.

Hata hivyo sheria njema haitembei yenyewe. Fedha za hazina hiyo zilichelewa, zikazozaniwa hata mahakamani. Na mwaka 2020 hesabu ya Mboya ilirudi katika vazi jipya. Maseneta walibishana kwa majuma mengi juu ya kanuni ya kugawa fedha za kaunti: je, zifuate zaidi wingi wa watu, au zifikirie pia ukubwa wa nchi na umaskini? Pendekezo lililokuwapo lingalizipunguzia Wajir, Mandera na Marsabit mabilioni ya shilingi. Safari hii wenye jambo walikuwapo. Isiolo yenyewe iliwakilishwa katika Seneti na Fatuma Dullo, mmoja wa wanawake 3 wa kwanza kuchaguliwa na wapiga kura kuwa maseneta, mwaka 2017. Baada ya vikao kuvunjika mara kwa mara, tarehe 17 Septemba 2020 Seneti ilikubaliana kwa namna ambayo hakuna kaunti ingepata pungufu ya ilivyopata kwanza. Mabishano yale yaliwachosha watu wengi waliotaka jibu la haraka. Mimi naona kwamba kuchoka huko kulikuwa na faida: mwaka 1965 hesabu ilipita upesi kwa sababu aliyepunguziwa hakuwa na mtu wa kuchelewesha.

Tumhukumu vipi Mboya, basi? Nasema kwamba katika wabunge wa wakati wake wachache walifikiri kwa wazi kuliko yeye, na uwazi huo ndio uliotuwezesha kuliona kosa lake baada ya miaka 60. Angalisema kwa mafumbo tungalibaki kulalamika bila kujua tunalalamikia nini. Alituachia hesabu yake ubaoni, pamoja na kazi yote ya kuifikia, nasi twaweza kuisahihisha. Hiyo ni heshima ambayo wasemaji wengi hawaipi nchi yao.

Nawe, msomaji, utakapoisoma hotuba ya mbunge yeyote, usianze kwa kuuliza kama ni tamu. Tafuta neno kuweza, uone kama limekaa mahali pa neno kupaswa. Tazama kipimo kilichotumika, uulize ni nani aliyekitengeneza. Angalia ni mali ya nani iliyohesabiwa na ya nani iliyosahauliwa. Kisha uulize ni nani hakuwapo chumbani. Maswali hayo hayahitaji shahada. Mtoto wa mfugaji aweza kuyauliza sawasawa na mtoto wa waziri.

Leo lami imevuka Isiolo. Ilipofika mwaka 2017 barabara yote hadi Moyale, karibu kilomita 500, ilikuwa imetandikwa. Malori ya mifugo hushuka kutoka kaskazini kwa saa chache safari iliyokuwa ya siku. Ukisimama kando ya barabara hiyo na kitabu chako, irudie hesabu ya mwaka 1965. Toa 20,000 katika 100,000, zabaki 80,000. Mwalimu wa hesabu atakupa alama zako zote hapo. Mhakiki atakubakisha darasani kidogo, akuulize: hizo 80,000 alipewa nani?